Homoni za Kupandishia Mbuzi: Tahadhari kwa Wajawazito na Wenye Pumu

Mbuzi jike asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hilo hudumu kwa siku moja au mbili tu. Kwa kuwa kila mbuzi hufuata hesabu yake, mfugaji anayetumia uhimilishaji hulazimika kumwita mtaalamu mara kwa mara. Homoni huondoa usumbufu huo: mbuzi wengi huingia kwenye joto kwa pamoja, na baada ya siku 150 hivi huzaa kwa kukaribiana.

Njia mbili hutumika zaidi. Ya kwanza ni sponji yenye homoni ya jamii ya projesteroni, ambayo huwekwa ukeni. Homoni hiyo huzuia joto kana kwamba mbuzi ana mimba. Sponji zikitolewa, kizuizi huondoka kwa mbuzi wote kwa wakati mmoja. Aghalabu huongezwa sindano ya homoni nyingine ya kuchochea ovari.

Njia ya pili ni sindano za prostaglandini, kama vile kloprostenoli, ambazo kwa kawaida huwa 2, zikipishana kwa siku 10 au 11 hivi. Dawa hii huyeyusha tezi ya muda, yenye rangi ya manjano, iliyomo katika ovari na inayotoa projesteroni. Mbuzi huitegemea tezi hiyo katika kipindi chote cha ujauzito. Kwa hiyo mbuzi mwenye mimba akichomwa sindano hii, mimba hutoka.

Athari za prostaglandini haziishii kwa mbuzi. Hospitalini, dawa za jamii hiyo hutumika kuanzisha uchungu wa kujifungua. Dawa ya mifugo ikimwagika mkononi hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Kwa mjamzito, inaweza kukaza misuli ya mfuko wa uzazi na kuharibu mimba. Kwa mwenye pumu, inaweza kubana njia za hewa ghafla. Hatari huzidi pale mbuzi anaporuka na sindano ikamchoma anayemshika.

Kwa sababu hiyo, wajawazito na wenye pumu wasiishike dawa hii kabisa. Wanawake wengine walio katika umri wa kuzaa wawe waangalifu mno, kwani mimba changa huenda haijatambuliwa. Kila anayeishika, pamoja na anayeweka au kutoa sponji, avae glavu. Chupa, sindano na sponji zilizotumika zisiachwe mahali watoto wanapoweza kuzifikia.

Dawa ikigusa ngozi, ioshwe mara moja kwa sabuni na maji. Aliyejichoma, au anayebanwa na kifua, awahi kituo cha afya akiwa na chupa au karatasi ya maelezo ya dawa. Mhudumu atakayempokea achunguze upumuaji. Njia za hewa zikiwa zimebana, dawa ya kuvuta inayozitanua kwa haraka, kama salbutamoli, ndiyo hutumika. Mjamzito achunguzwe pia hali ya mimba yake.

Mgonjwa huulizwa dawa anazokunywa, lakini ni nadra kuulizwa dawa anazowapa mifugo wake. Kwa mama mfugaji anayefika kliniki na maumivu ya tumbo au damu isiyotarajiwa, swali hilo moja linaweza kufichua chanzo ambacho yeye mwenyewe hakukidhania.