Ulimi Uliofungwa si Akili Iliyopotea

Hivi majuzi nilikwenda Kabazi kumjulia hali mzee aliyenifundisha kusoma. Nilimkuta ameketi uani, mkono wake wa kulia umelegea mapajani. Nilipomwamkia alitabasamu, akajitahidi kunena, lakini lililotoka ni "hiyo, hiyo" tu. Mjukuu wake akaninong'oneza, "Usijali, mjomba. Babu haelewi kitu siku hizi."

Nilimwomba mzee anionyeshe mlango, kisha mti, kisha fimbo yake. Hakukosea hata mara moja. Tukahesabu pamoja, akafika ishirini bila kukwama. Nilipoinua kikombe na kumwuliza jina lake, machozi yalimlengalenga. Alikijua kikombe, neno ndilo lililomkimbia.

Hicho ndicho kiharusi. Ubongo, ambao uzito wake haufiki hata kilo moja na nusu, hutumia takribani sehemu moja kwa tano ya oksijeni ya mwili mzima. Donge la damu likiziba mshipa, seli huanza kufa katika dakika chache. Pengine shinikizo la damu lililopanda kwa miaka mingi huudhoofisha mshipa hadi ukapasuka. Damu humwagika, na kwa kuwa fuvu halipanuki, ubongo hubanwa.

Mnamo 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu, ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulionekana umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo sisi wanaisimu tunajua kuwa kusema na kufahamu ni mambo mawili.

Taifa letu lina mfano wake. Kenneth Matiba alitiwa kizuizini mwaka 1990, akapatwa na kiharusi humo mwaka 1991. Katika uchaguzi wa 1992 alikuwa wa pili nyuma ya Rais Moi. Alipopinga matokeo mahakamani, mkewe, Edith, alitia sahihi kwa niaba yake, kwa kuwa kiharusi kilikuwa kimemnyima uwezo wa kuandika. Kesi ilitupwa kwa sababu sahihi haikuwa yake. Mtu aliyepigiwa kura na maelfu kwa maelfu alikosa kusikizwa kwa ajili ya mkono. Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia mwaka 2017, miezi michache kabla ya kifo chake mwaka 2018.

Walimu wenzangu, wafundisheni wanafunzi mambo mawili. Kwanza, uso ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yakivurugika ghafla, safari ya hospitali ianze papo hapo. Dawa ya kuyeyusha donge hufaa katika saa nne na nusu za mwanzo, nayo haitolewi kabla ya picha ya ubongo, maana humdhuru anayevuja damu. Atakayengoja kupambazuke Kabazi ndipo ashuke Nakuru atakuwa amechelewa. Na shinikizo la damu lipimwe mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, aliyepoteza maneno asemezwe kwa utaratibu, na asubiriwe. Nilipoaga, mjukuu alikuwa amechutama mbele ya babu yake, kikombe mkononi, akimngoja.