Je, Wajua? Intakula Kubwa Si Lazima Iwe Bora

Je, wajua kwamba tabo, kifaa kinacholipa gari nguvu, ndicho hichohicho kinachoichemsha hewa kabla haijafika ndani ya injini? Hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi sehemu ya chini ya pampu inavyochoma vidole. Chukua Subaru Impreza WRX ya lita 2, gari ambalo vijana wa Nairobi, Arusha na Kampala hulitambua kwa mlio kabla hawajaliona. Hewa ikiingia kwenye tabo yake ikiwa na nyuzi 30, ikabanwa kwa psi 14.5 usawa wa bahari, na tabo ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70, hewa hiyo itatoka ikiwa na nyuzi 125 hivi. Ni joto linalopita la maji yanayochemka.

Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo kila pumzi inayoingia kwenye silinda hubeba oksijeni kidogo. Baya zaidi, huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, na hapo ndipo pistoni hupasuka na mwenye gari kuambiwa kwamba injini imenoki. Kazi ya intakula ni kuipokea hewa hiyo njiani na kuipoza. Ikiondoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa na tabo, nyuzi 125 hushuka hadi karibu 59, na hewa huwa nzito kwa takriban asilimia 20 kuliko ile ambayo haikupozwa. Presha haijaongezwa hata kidogo, lakini injini imepata chakula zaidi. Kwa injini inayotoa nguvu za farasi 250 hivi, joto linalotupwa nje na kile kipande cha aluminiamu hupita kilowati 12.

Je, wajua kwamba mwinuko wa mji unamoishi hubadilisha hesabu hii? Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita zaidi ya 4,300 juu ya usawa wa bahari, ili aonyeshe kwamba tabo inaweza kuirudishia injini pumzi inayopotea kwenye hewa nyepesi. Wazo la tabo lilikuwa na hataza tangu mwaka 1905, la mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi. Alichokithibitisha Moss mlimani ndicho kinachotokea kila siku Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako presha ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Mombasa. Ili manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) ipate presha kamili ya bar 2, Mombasa tabo hubana hewa karibu mara 2. Nairobi hulazimika kuibana mara 2.4. Matokeo yake, hata asubuhi ya nyuzi 22 Nairobi, hewa hutoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi 143 hivi, moto kuliko ile ya Mombasa iliyoanza na nyuzi 30. Na hewa nyepesi inayopita nje ya intakula hubeba joto kidogo. Kwa hiyo anayesema kwamba Nairobi kuna baridi, intakula si muhimu, amekosea pande zote mbili.

Kuna jambo jingine linalotuhusu. WRX nyingi zilizoletwa kwetu zikiwa zimetumika zilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako petroli ya daraja la juu kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni 100. Vituo vyetu vingi huuza ya chini ya hapo. Mafuta ya namna hiyo huvumilia joto kidogo kabla ya kulipuka ovyo, hivyo kila nyuzi inayopunguzwa kwenye hewa ni kinga kwa injini.

Kulikuwa na wakati magari ya tabo yalitoka kiwandani bila intakula kabisa. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na tabo, ilipoza mchanganyiko wake kwa kunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na methanoli. Kimiminika hicho kilikuwa na tangi lake, na mwenye gari alipaswa kulijaza. Wengi walisahau, na mfumo ukapunguza nguvu ili kuiokoa injini. Gari lenye akili nyingi likapoteza sifa kwa sababu ya tangi tupu. Porsche nao waliuza 911 Turbo kwa miaka kadhaa kabla ya kuifungia intakula mwaka 1978, ikiwa imefichwa chini ya bawa la nyuma. Injini ilikuzwa pia kutoka lita 3.0 hadi 3.3, na nguvu zikapanda kutoka farasi 260 hadi 300.

Kuhusu mahali pa kuweka intakula na mabomba yake, mafunzo makubwa yalitoka angani. Ndege ya kivita ya Marekani P-38 Lightning mwanzoni ilipozea hewa yake kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Injini zilipoongezewa nguvu, ukingo ule ukashindwa kazi, na kuanzia toleo la J wahandisi wakahamishia intakula chini ya pua ya kila injini, mahali inapopigwa na upepo moja kwa moja. Nafasi iliyobaki kwenye mabawa ikawekwa matangi ya mafuta. P-47 Thunderbolt ilikwenda mbali zaidi: tabo na intakula yake vilikaa nyuma ya rubani, na hewa ilisafiri mita kadhaa kwenda nyuma na kurudi mbele kwenye injini. Ndege hiyo ikawa miongoni mwa zilizoogopwa sana katika Vita vya Pili vya Dunia. Urefu wa bomba peke yake hauui nguvu, mradi bomba liwe na kipimo sahihi na lisivuje.

Subaru wenyewe walijaribu njia mbili. Legacy RS ya mwaka 1989 ilipozwa kwa maji: hewa moto ilipita kwenye sanduku dogo lenye maji, na maji yakapelekwa mbele kupozwa kwenye rejeta yake ndogo. Impreza WRX ilipokuja mwaka 1992 walichagua intakula ya hewa iliyolala juu ya injini, na ndiyo sababu boneti ina lile pua linalojulikana na kila mtoto wa mtaani. Faida yake ni njia fupi. Hewa hutoka kwenye tabo, hupita juu na kushuka kwenye manifoldi. Hasara yake utaiona kwenye foleni. Gari likisimama, hakuna upepo unaoingia puani, na joto la injini hupanda moja kwa moja hadi kwenye intakula. Ukikanyaga mafuta baada ya nusu saa ya foleni, unaendesha kwa hewa ya moto mpaka upepo urudi. WRX STI ilipewa kitufe cha kunyunyizia intakula maji kutoka tangi lililoko kwenye buti. Hila hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na kilojuli 2,260 hivi za joto.

Wengi hapo huamua kuhamisha intakula mbele, nyuma ya bampa. Mbele hupata upepo safi, na kwa tabo kubwa kuliko ya kiwanda hilo ndilo chaguo linaloeleweka. Lakini hapo mbele kuna wenyewe: kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Ukiziba njia yao kwa tofali la aluminiamu, gari litapanda mlima wa Kitonga likiwa na hewa baridi kwenye silinda na mshale wa joto la maji ukielekea mwisho. Baadhi ya seti za kufungwa mbele hudai pia chuma cha kinga nyuma ya bampa kikatwe au kiondolewe. Chuma hicho kipo kwa ajili ya ajali, na mimi nasema wazi kwamba seti ya namna hiyo isinunuliwe.

Kwa tabo ya kiwanda na matumizi ya kila siku, intakula nene zaidi ya juu, yenye mpira mzuri unaoziba pengo kati yake na pua la boneti, hutosha kabisa. Mpira huo hudharauliwa mno. Ukichakaa, upepo hupita pembeni ya intakula badala ya kupita ndani yake, na mtu hununua intakula mpya kwa tatizo la kipande cha mpira.

Je, wajua kwamba intakula mbili zenye ukubwa sawa zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa? Iliyojengwa kwa vipande vinene vya bati na fito ni nzito, huvumilia mawe, na huchukua muda kupata joto; ikishapata, huchukua muda pia kupoa. Iliyojengwa kwa mirija myembamba na mapezi ni nyepesi, hupoa haraka na huachia upepo zaidi uifikie rejeta, lakini jiwe moja la barabara ya vumbi laweza kuitoboa. Kwa barabara zetu ningechagua ya kwanza kwa gari linalokwenda shamba na ya pili kwa gari lisilotoka kwenye lami. Vilevile ulizia upotevu wa presha. Intakula inayopoza vizuri lakini inakula psi 3 au 4 njiani huilazimisha tabo kubana zaidi, na kubana zaidi ni joto zaidi. Psi 1 hadi 2 inavumilika.

Sasa mabomba, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu hufunga bomba la inchi 3 akiamini kwamba upana ni nguvu. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hunywa karibu lita 90 za hewa iliyobanwa kwa sekunde. Kwenye bomba la inchi 2.5 hewa hiyo husafiri mita 28 hivi kwa sekunde. Kwenye la inchi 2, mita 44. Zote ziko mbali sana na mwendo ambao hewa huanza kusumbuka ndani ya bomba. Inchi 3 haiongezi kitu kwa injini hiyo isipokuwa ujazo wa kujazwa: mita 3 za bomba la inchi 2 hubeba lita 6 hivi, za inchi 3 karibu lita 14. Kinachozuia hewa zaidi ni kona kali na mabaki ya kuchomelea yaliyojitokeza ndani. Tafuta bomba lililopindwa kwa mashine bila kubonyea, lisiwe limeungwaungwa kwa vipande.

Maungio nayo yana hesabu yake. Kwa presha ya bar 1, bomba la inchi 2.5 husukumwa litoke kwenye mpira wake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 32. Bomba laini lisilo na ukingo uliotuna mwishoni litachomoka tu, hata ukikaza klipu hadi mpira ukatike. Kwenye WRX zinazopima hewa kwa sensa iliyo kabla ya tabo, uvujaji mdogo huleta balaa: kompyuta imeshahesabu hewa iliyotoroka na imemwaga petroli kwa ajili yake. Gari hutoa moshi mweusi na kunywa mafuta. Ndivyo ilivyo pia kwa vali inayopumulia nje, ile ya mlio unaopendwa na vijana. Kwa magari hayo, hewa inayotolewa nje ilikuwa imeshaandikwa kwenye hesabu.

Wenye malori wanaijua ishara hiyo kwa njia yao. Lori la dizeli likianza kutapika moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani, kitu cha kwanza cha kutazama ni hosi ya intakula. Gereji yoyote yenye kompresa inaweza kupima: ziba upande mmoja, jaza hewa kwa psi 15, pakaa maji ya sabuni, tazama povu.

Je, wajua kwamba intakula iliyotumika inaweza kuua injini? Kirinyaga Road mjini Nairobi, Gerezani mjini Dar es Salaam na Kisekka mjini Kampala utapata za bei nafuu. Lakini kama ilitoka kwenye gari ambalo tabo yake ilivunjika, vipande vya chuma na mafuta vimejikita ndani ya mapezi yake, na kuosha hakuvitoi vyote. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya midomo yake. Kikitoka na chembe zinazong'aa, iache.

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Impreza WRC. Sheria za wakati huo zililazimisha hewa yote ya tabo ipite kwenye tundu la milimita 34, kwa hiyo hewa ilikuwa kama dhahabu na haikuruhusiwa kupotea wala kupata joto bure. Kwa gari kama lile, uangalifu ulikuwa na maana zaidi kuliko ukubwa wa vifaa.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Ukichomeka kifaa cha kusoma kompyuta kwenye WRX nyingi za miaka ya 2000, joto la hewa unaloliona ni la kabla ya tabo, na halikuambii lolote kuhusu intakula. Mwambie fundi afunge sensa baada ya intakula, kisha panda mlima mrefu kwa gia ya tatu. Hewa ikiwa juu ya joto la nje kwa nyuzi 20 au pungufu, intakula uliyonayo inatosha, na fedha hizo zipeleke kwenye breki. Ikipita nyuzi 40, anza na mpira wa boneti na uvujaji, halafu ndipo uulize bei.