Hasira iliyoshonwa juu ya gunia

Alhamisi iliyopita tulikuwa tumeketi kushona vitambaa vya meza, vile tunavyouza mwisho wa mwezi. Mama mmoja wa kikundi chetu akatoa ndani ya kapu lake shati la mtoto wake. Ni shati la bluu, kola imechakaa. Miaka minne iliyopita kijana huyo alitoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta kazi, hakurudi. Mama yake hajalifua shati hilo hata leo. Akatuuliza: « Wamama, nilifanye nini? Kulichoma siwezi. Kumpa mtu alivae siwezi. Na hii hasira nimechoka kuimeza. »

Sindano zilisimama. Hakuna aliyekuwa na jibu, na mwisho mzee wetu mmoja akaanza kuimba polepole ili tuendelee na kazi.

Ndiyo sababu juma hili tunawaletea habari za wamama wa Chile, huko Amerika ya Kusini. Wao pia walikaa na nguo ambazo wenyewe hawakurudi.

Tarehe 11 Septemba 1973, askari wa Jenerali Augusto Pinochet waliipindua serikali ya Rais Salvador Allende. Watu wengi walikamatwa, wengine kazini, wengine usiku nyumbani mbele ya watoto. Mama alipokwenda kuuliza kituoni, aliambiwa jina hilo halijulikani. Kuna bibi walioambiwa kwamba bwana amekimbia na mwanamke mwingine. (Mnasikia? Mtu amenyang'anywa bwana, halafu anatukanwa juu yake.) Wamama wakaanza kujuana kwa sura, maana kila siku walikutana kwenye milango ileile, wakirudishwa.

Mjini Santiago makanisa yalikuwa na ofisi ya kuwasaidia. Serikali ilipolazimisha ifungwe, Kardinali Raúl Silva Henríquez alifungua nyingine mwaka 1976, iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad. Tangu mwaka 1974 wamama walikuwa wamekwisha kuanza kukusanyika kushona. Hawakuwa na pesa ya kununua kitambaa. Walichukua magunia ya unga, wakayafua, wakayakata vipande. Gunia la namna hiyo kwa Kispanyola huitwa arpillera, na jina hilo likawa jina la kazi yao.

Juu ya kipande cha gunia walibandika vipande vya nguo na kuvishona: nyumba, miti, mstari wa wamama kwenye bomba la maji, sufuria kubwa ya mtaa mzima wakati wa njaa, mlango wa kiwanda uliofungwa. Watu walikuwa vidoli vidogo vilivyojazwa vitambaa, vikitokeza juu ya kitambaa. Nyuma kulikuwa na milima ya Andes, na juu yake mara nyingi jua kubwa la manjano. Lakini ukiangalia karibu, unaona gari la askari. Unaona mama ameshika karatasi yenye swali moja tu: Wako wapi? Na kipande kile cha suruali ya kahawia kilichogeuzwa kuwa mlima, mara nyingine kilikuwa suruali ya mtu aliyekamatwa.

Kwa mbali ilionekana kama picha ya watoto. Sisi tunaona hapo ndipo ujanja wao ulipokuwa, au labda dharau ya wakubwa iliwasaidia. Nani angeogopa mwanamke mwenye sindano na uzi? Askari waliogopa magazeti na redio, na kwa muda mrefu hawakuona kwamba magunia yale yanatoka nchini ndani ya masanduku ya wageni, kwenda kuuzwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Walipogundua, kuwa na arpillera nyumbani kukawa hatari. Wamama wakashona usiku, mapazia yamefungwa.

Tulipoisimulia habari hii ndani ya kikundi, jambo lililotugawanya ni pesa. Mwenzetu mmoja alisema kuuza machozi ni aibu. Tumebishana sana, na hatujamaliza. Lakini wamama wale wengi wao walibaki bila mtu wa kuleta chakula nyumbani. Pesa ya gunia moja ilinunua mkate, na wengine walikuwa hawajawahi kushika pesa ya mkono wao wenyewe. Kila juma walileta kazi mezani, wenzao wakaikagua. Mshono ukiwa mbaya, mtu alirudi kuurekebisha. Huruma haikufanya mshono mbaya upite. Hapo tulicheka kidogo, maana nasi tunamjua fulani na mishono yake mirefu.

Hawakuishia kwenye sindano. Chile wana ngoma ya kitaifa, cueca, ambayo mwanamume na mwanamke huicheza pamoja, kila mmoja na leso mkononi. Tarehe 8 Machi 1978, siku ileile sisi huvaa kikwembe kipya na kuandamana, wamama wa waliopotea walipanda jukwaani Santiago wakaicheza peke yao. Picha ya mtu wake mama ameifunga kifuani, leso iko hewani, na mbele yake hakuna mtu. Baadaye ngoma hiyo pia ilishonwa juu ya magunia.

Tusidanganyane kwamba uzi ulirudisha watu. Pinochet alitoka madarakani mwaka 1990, akafa mwaka 2006 bila kuhukumiwa. Mwaka 2023 serikali ya Chile ilianzisha mpango wa kuwatafuta watu 1 469 waliopotezwa. Waliokuwa wamepatikana na kutambuliwa ni 307 tu. Wamama wengi wamekufa wakingoja. Lakini magunia yako kwenye nyumba za makumbusho, na mtu yeyote anaweza kuyasoma hata kama hakusoma shule.

Kuhusu sisi, kuna mambo ambayo hatuandiki katika gazeti hili dogo, na mnajua sababu. Hatutaandika nani alimchukua nani. Kitambaa hakihitaji kusema hivyo. Mama anaweza kushona mlango wazi, sahani ya bugali na sombe iliyopoa, njia inayoshuka kwenye ziwa. Anayejua atajua.

Tumekubaliana Alhamisi hii kila mmoja alete gunia tupu la unga, limefuliwa vizuri na kukauka, sindano nene, na kipande cha nguo anachokichagua mwenyewe. Asiye na kipande aje vilevile. Tutaanza saa nane. Mwenye shati la bluu ametuma habari jana kwamba atakata mkono mmoja tu. Kola inabaki kwake.