Kinasa-sauti na Kiswahili cha Lubumbashi: Jinsi Sauti Inavyoandikwa Juu ya Utepe

Makala haya yanaeleza namna kinasa-sauti kinavyoiandika sauti juu ya utepe wa sumaku, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa isimu. Mwaka 1974 Johannes Fabian alinasa mjini Lubumbashi mazungumzo yake na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1986 alinasa mazoezi ya kundi la maigizo la Mufwankolo. Ushahidi wa awali wa usemi huo ni utepe. Maandishi yalifuata baadaye.

Utepe ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa oksaidi ya chuma. Maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka pamoja na sauti. Mkondo huo, ukiisha kukuzwa, hupitishwa katika kichwa cha kunasia, yaani sumaku ya umeme yenye mwanya mwembamba sana. Utepe unapopita mbele ya mwanya huo, chembe zake hupata usumaku kwa kadiri ya mkondo wa wakati ule, na hubaki hivyo. Wakati wa kusikiliza kazi hugeuka: usumaku unaopita huamsha umeme katika kichwa cha kusomea, nao hurudi kuwa sauti katika spika.

Mwendo wa utepe ndio unaoamua nafasi ya kila mtetemo. Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Hivyo sauti ya mitetemo 5,000 kwa sekunde hupata, kwa kila mtetemo, takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Kwenye utepe wa gurudumu unaokwenda sentimita 19, nafasi hiyo ni mara nne. Ndiyo maana uchafu kidogo kichwani hufifiza kwanza vikwamizo kama s na sh, ilhali irabu zingali zikisikika.

Hasara hiyo si ndogo. Mnukuzi aliyezoea Kiswahili sanifu aweza kusikia batoto akaandika watoto, au mutu akaandika mtu. Bila utepe hakuna wa kumsahihisha.

Hata hivyo utepe nao huzeeka. Gundi inayoshika unga wa chuma hudhoofika kwa joto na unyevu, na vinasa-sauti vyenyewe vinaadimika. Yafaa kuvunja vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti ili isifutwe kwa bahati mbaya, kusafisha kichwa cha chombo, kisha kunakili sauti katika kompyuta kwa vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde. Nakala ikiisha kupatikana, utepe wa asili usitupwe, kwani ndio shahidi wa kwanza.