Siku za Baada ya Kisu

Daktari wa upasuaji akitoka nje na kusema "imeenda salama", familia iliyokesha kwenye benchi hushusha pumzi. Simu zinapigwa, kundi la WhatsApp linajaa shukrani, na nusu ya watu wanaanza safari ya kurudi nyumbani. Nawaelewa kabisa. Ila naomba wabaki wachache, kwa sababu wakati wa hatari kubwa bado uko mbele. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Kati ya wagonjwa 11,193, waliofariki walikuwa 239, na 225 kati yao walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Kiwango hicho cha vifo kilikaribia mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wenyewe kwa wastani walikuwa na miaka 38 tu. Mzee wa miaka 78 anaingia kwenye hesabu hiyo akiwa na figo, mapafu na moyo visivyo na akiba ya kijana.

Nawaandikia hasa watu wa Theta, wadi ya eneobunge la Juja katika Kaunti ya Kiambu, na majirani zao wa Ruiru na Thika. Mzee wa huku anayehitaji upasuaji wa tumbo wa dharura ana njia kadhaa: hospitali ya Level 4 ya Ruiru, Level 5 ya Thika kwenye barabara ya General Kago, au kuteremka na Thika Road kuelekea hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tangu barabara hiyo ipanuliwe mwaka 2012, gari halichukui muda mrefu kufika. Muda unapotea nyumbani, kabla gari halijaitwa.

Unapotea kwa sababu tumbo la mzee hudanganya. Kijana ambaye utumbo wake umetoboka hujikunja, hulia, hupata homa, na tumbo lake hukakamaa kama ubao. Mzee anaweza kuwa na tatizo hilohilo, joto lake likawa la kawaida na tumbo likawa laini. Kama anameza atenolol ya presha, hata mapigo ya moyo hayapandi inavyotarajiwa. Atawaambia ni gesi tu. Wajukuu watamchemshia guka, yaani babu yao, maji ya tangawizi, na usiku utapita. Kwa hiyo msipime ugonjwa kwa kelele za mgonjwa. Mzee aliyekataa chakula, anayetapika, ambaye tumbo limevimba na hajapata choo wala kutoa hewa tangu jana, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Magonjwa yanayomfikisha mzee wa huku kwenye upasuaji wa tumbo wa dharura ni mengi, lakini matatu yanajirudia. La kwanza ni henia iliyokaa kinenani miaka mingi, ikitoka na kurudi, mpaka siku moja inabanwa na hairudi. Utumbo ulionaswa humo unaweza kuanza kufa baada ya saa sita hivi. La pili ni kidonda cha tumbo kinachotoboka, na hapa nawalaumu sana wauzaji wa dawa wanaompa mzee diklofenaki za magoti mwezi baada ya mwezi bila kumuuliza swali lolote. La tatu ni utumbo mpana kujisokota, ugonjwa unaoonekana zaidi Afrika Mashariki kuliko Ulaya, hasa kwa wanaume. Huu una nafuu moja: ukiwahiwa kabla utumbo haujaoza, daktari anaweza kuufungua kwa kupitisha mpira kwenye njia ya haja kubwa, na operesheni ikapangwa baadaye kwa utulivu.

Mkishafika kazualti, mtasubiri, na kusubiri huko ndiko kunakozaa ugomvi mwingi. Mtoto wa mzee anaona saa zinakwenda, baba ana dripu mkononi na mpira puani, na hakuna anayemsukuma kuelekea chumba cha upasuaji. Mara nyingi saa hizo ni za matibabu. Mzee aliyetapika siku mbili amekauka. Akilazwa usingizi wa nusukaputi katika hali hiyo, presha inaweza kuporomoka kabla hata kisu hakijamgusa. Anahitaji maji ya mshipani, antibayotiki, potasiamu iliyorekebishwa na damu iliyolinganishwa na yake. Na ukweli mwingine ni kwamba katika hospitali ya kaunti chumba hichohicho cha upasuaji huenda kinatumiwa na mama ambaye mtoto wake amekwama tumboni. Ulizeni waziwazi: "Tunasubiri nini sasa?" Mna haki ya kujibiwa.

Haki nyingine iko kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2): hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na kumtuliza mgonjwa na kumpangia rufaa. Pesa ya amana haitangulii hapo. Hata hivyo bili itakuja, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mamlaka ya bima ya afya, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, nimeona familia zikigundua usiku wa manane kwamba baba hakusajiliwa, au amesajiliwa na mchango wake wa mwaka haujalipwa. Piga *147# leo, mzee akiwa mzima, uhakikishe. Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima.

Wakati mnasubiri kuna kazi mnayoweza kuifanya ninyi tu. Daktari wa usingizi hamjui baba yenu. Mwambieni dawa zote anazomeza, na mzilete zikiwa kwenye pakiti zake: za sukari, za presha, za kuzuia damu kuganda, na za mitishamba pia. Kama anakunywa pombe kila siku, semeni, hata kama pasta amesimama hapo. Mnywaji anayekatishwa ghafla anaweza kutetemeka na kupata kifafa siku ya pili au ya tatu, na sisi tunaomtibu tusipojua tutatafuta chanzo mahali pengine. Toeni meno ya bandia. Msimpe maji wala uji, hata akiomba kwa machozi. Wenye umri wa kati ya miaka 16 na 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi wakatoe damu mapema, kwa sababu lazima ipimwe HIV, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika.

Kisha kuna mazungumzo ambayo familia huyakwepa. Miaka iliyoandikwa kwenye kitambulisho huniambia machache. Nataka kujua mwezi uliopita mzee alitembea mwenyewe hadi wapi, kama alijivalisha, kama alikumbuka majina ya wajukuu. Aliyekuwa akienda shambani kwake kila asubuhi ana nafasi tofauti kabisa na aliyekuwa hatoki kitandani, hata kama wana umri sawa. Fomu ya ridhaa ni yake, maadamu akili yake iko timamu: atie sahihi au kidole mwenyewe, baada ya kuelezwa kwa Kikuyu kama hiyo ndiyo lugha anayoielewa vizuri. Aelezwe kwamba huenda akaamka na mfuko wa choo ubavuni. Wapo wazee wanaokubali hilo bila shida, na wapo wanaosema heshima yao haiwezi kulibeba. Wote wasikilizwe kabla ya usingizi, wakati jibu lao bado lina nguvu. Na pale ambapo kisu kitaongeza mateso tu, daktari aseme hivyo, na familia isimwone aliyekubali kumtuliza baba bila upasuaji kuwa msaliti. Kifungua mimba asibebeshwe uamuzi huo peke yake, lakini awe ndiye anayezungumza na madaktari, kwa niaba ya ndugu wote, pamoja na yule aliye Marekani anayepiga simu kila nusu saa.

Sasa wodini. Mwaka 2021 watafiti wa mtandao ulioendesha utafiti ule wa 2018 walichapisha jaribio la kuongeza uangalizi kwa wagonjwa walio hatarini baada ya upasuaji. Vifo havikupungua. Kwa maoni yangu sababu haiko mbali: ukimwongezea kazi muuguzi ambaye tayari ana wodi nzima ya usiku, hujaongeza macho. Jamaa hawezi kushika nafasi ya muuguzi, lakini anaweza kujua ni lini amwite.

Hesabuni pumzi za mzee kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20; zikifika 25, mwiteni muuguzi mara moja, hata kama mzee anasema yuko sawa. Angalieni mfuko wa mkojo: mzee wa kilo 60 anapaswa kutoa angalau mililita 30 kwa saa, kwa hiyo mfuko ambao haujaongezeka tangu asubuhi ni habari ya kupeleka. Utumbo ukiwa umekatwa na kuunganishwa, muungano ukivuja huvuja mara nyingi kati ya siku ya tano na ya saba, wakati ambapo wote mmeshaamini mambo yamekwisha.

Ishara inayoponyoka zaidi ni kuchanganyikiwa. Baadhi ya wazee hung'oa dripu na kumtukana binti yao, na hao wanaonekana. Wengi zaidi hunyamaza. Mzee analala mchana kutwa, anajibu nusu, anamtazama mke wake bila kumtambua, halafu jioni anakuwa mzima kwa saa moja. Wageni wanasema anapumzika vizuri. Hapumziki: ubongo wake unaitikia maambukizi, maumivu, ukosefu wa oksijeni au dawa, na chanzo lazima kitafutwe siku hiyohiyo. Si kurogwa, wala si wazimu. Muuguzi aliyemwona mara ya kwanza jana hana namna ya kujua kwamba huyu si mzee mkimya kwa asili. Mke wake anajua. Amwambie muuguzi maneno haya: "Huyu si yeye."

Kinga ya kuchanganyikiwa ni mambo madogo. Miwani na kifaa cha kusikia vibaki naye. Mchana awe kwenye mwanga, usiku aachwe alale. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye na kumsemesha kwa Kikuyu, amwambie ni siku gani na yuko wapi, mara nyingi bila kuchoka. Hilo linashinda umati wa watu ishirini saa ya kutazama wagonjwa, kwa hiyo nawasihi akina mama wa kanisa waombee nyumbani na watume wawili tu. Muuguzi akiruhusu, akalishwe kitini siku inayofuata upasuaji, akumbatie mto tumboni akikohoa, avute pumzi ndefu mara kadhaa kila saa, na atembee hadi mlangoni. Kulala chali huleta nimonia na damu kuganda miguuni. Uji na supu visubiri ruhusa. Siku hizi ruhusa huja mapema kuliko zamani, basi ulizeni kila asubuhi.

Siku ya kutoka, kuchanganyikiwa huenda hakujaisha kabisa. Kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Ombeni karatasi inayoeleza alichofanyiwa, tarehe ya kutoa nyuzi, na nambari ya kupiga kidonda kikitoa usaha au tumbo likivimba tena. Kisha, kabla ya kupanda gari kurudi Theta, zitoeni tena zile pakiti za dawa mlizokuja nazo na mmuulize daktari, moja baada ya nyingine: hii anairudia lini, na hii anaiacha?