Kiangazi Huandaliwa Wakati wa Mvua

Ndugu zetu wa vikundi, wacha tuwaeleze habari za watu wanaoishi na kulima pamoja huko Tamera, kusini mwa Ureno. Walianza mwaka 1995. Kule mvua hunyesha miezi ya baridi, halafu kuanzia Juni hadi Septemba ni jua tu. Zamani maji yaliteremka na kwenda zake pamoja na udongo, na kiangazi kikifika shamba linakauka.

Basi mwaka 2007 wakaanza kujenga bwawa, wakishauriwa na Sepp Holzer, mkulima kutoka Austria. Hawakujenga ukuta wa simiti. Ukuta ni wa udongo, na katikati wameshindilia udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Chini hawakutandika plastiki, ili maji yazame polepole yalishe ardhi. Sasa kiangazi wanapanda mboga kando ya maji, na jua lile lile linapika chakula kwa sahani kubwa ya vioo.

Je, kwenu maji ya mvua yanapita wapi? Tembeeni shambani pamoja mvua ikinyesha, muone. Lakini ukuta mbaya hupasuka ukaleta hasara: kabla ya kuchimba, muulizeni afisa wa maji.