Mita nne zinazowatoa jasho wababe kuliko Everest

CHUKUA goli moja la mpira, lipandishe lingine juu yake. Hapo unapata kimo cha mita 4.88. Sasa huko Finland kuna jabali ambalo halifiki hata hapo, lina kama mita nne tu, lakini baada ya mtu wa kwanza kulimaliza mwaka 2016, dunia ilisubiri zaidi ya miaka sita kumpata wa pili.

Jabali hilo liko Lappnor, kusini mwa nchi hiyo, na njia ya kulipanda imepewa jina la Burden of Dreams.

Linganisha na Everest. Mlima huo una mita 8,849, na tangu Edmund Hillary na Tenzing Norgay wafike kileleni mwaka 1953, maelfu ya watu wamefuata. Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895 ndiyo kabisa, kila mwaka inapokea maelfu ya wageni wanaopanda kwa miguu yao bila kuning’inia kwenye kamba.

Urefu siyo kipimo

Mlima mrefu unampima mtu pumzi, baridi na uvumilivu wa siku nyingi. Unaua pia, hasa Everest, hivyo hakuna wa kuudharau. Lakini sehemu kubwa ya safari ya Kilimanjaro ni kutembea.

Kupanda majabali ni habari nyingine. Hakuna kamba. Mpandaji ana viatu vya kubana, unga mweupe wa kukausha jasho mikononi na magodoro chini ya kumpokea akidondoka. Shughuli yenyewe inaweza kuisha ndani ya dakika moja. Ni kama tofauti ya marathoni na mita 100.

Pale Lappnor, uso wa jabali umeinama kumfuata mpandaji kwa takriban nyuzi 45, hivyo mgongo wake unatazama chini muda wote. Vishikio ni vidogo mno, vinaingia ncha za vidole tu. Mguu ukiteleza kidogo, uko kwenye godoro na unaanza upya.

Nalle Hukkataival, mwenyeji wa Finland, alianza kupambana nalo mwaka 2013. Alitengeneza mpaka nakala ya vishikio vyake ili afanyie mazoezi. Akatoboa Oktoba 2016.

Aliyefuata ni Will Bosi wa Uingereza, Aprili 2023. Naye alijifua kwenye nakala za vishikio hivyo, safari hii zikiwa zimepimwa kwa kompyuta, kabla ya kwenda kulivaa jabali lenyewe.

Hakuna refa, hakuna VAR

Ugumu wa majabali hupimwa kwa madaraja. Ulaya wanatumia ya Fontainebleau, msitu ulio jirani na Paris. Marekani wanatumia herufi V, mfumo ulioanzia Hueco Tanks kule Texas kupitia mpandaji John Sherman, ambaye wenzake walimwita Vermin. Hukkataival alilipa jabali lake 9A, sawa na V17. Hakuna aliyewahi kutoa daraja la juu hivyo kabla yake.

Sasa nani anaamua? Hakuna kamati wala refa. Anayepanda wa kwanza ndiye anayependekeza, na wanaofuata wanakubali au wanakata.

Na kweli wanakata. Mwaka 2019, Mfaransa Charles Albert, anayepanda peku, alitangaza 9A kwa njia ya No Kpote Only huko Fontainebleau. Muda mfupi baadaye Mjapani Ryohei Kameyama akaipanda na kusema ni 8C+. Daraja likashuka.

Ndiyo maana miaka ile sita ilikuwa ya presha kwa Hukkataival. Heshima ya 9A ya kwanza duniani ilikuwa imesimama juu ya neno lake peke yake, na mtu mmoja tu angeweza kuifuta kwa sentensi moja. Bosi aliposhuka alikubali, 9A ni halali.

Hata hivyo ubishi hauishi, kwa sababu miili haifanani. Mrefu anafikia kishikio ambacho mfupi lazima akirukie. Siku ya baridi ngozi inanata kwenye jiwe, siku ya joto inateleza.

Mita 15, sekunde tano

Kwenye Olimpiki mambo yamenyooka zaidi, kuna waamuzi na pointi. Mchezo huu uliingia Tokyo, na Janja Garnbret wa Slovenia akabeba dhahabu pale na tena Paris 2024, ambako kuta za majabali zilikuwa na mita 4.5 hivi.

Paris hiyohiyo, Veddriq Leonardo wa Indonesia alichukua dhahabu ya mbio za ukutani kwa kukimbia mita 15 kwenda juu ndani ya sekunde 4.75. Hukkataival alitumia miaka mitatu kwa mita nne.

Hivyo mtu akikwambia amefika Uhuru Peak, mpe heshima yake. Akikwambia amepanda jiwe la mita nne, usicheke. Muulize kwanza ni daraja gani, na nani mwingine amelipanda.